Acheni kupiga spreyi vitu vya wazee

Kuna aina ya video ambayo nikiianza saa nne usiku, saa saba bado niko macho. Msee ameketi mezani, mbele yake bastola ya kulenga shabaha, ile ya baruti nyeusi inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Haongei sana. Anaifungua yote, anatoa rangi ya zamani, anaipaka upya. Ni hivyo tu, na siwezi kuacha kuangalia.

Kabla mtu aniripoti: hapa Kenya hiyo kitu hununui tu kama simu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti. Siwaambii mtafute bastola. Nawaambia muangalie mikono ya huyo msee.

Kwanza anasukuma kijiti ndani ya mtutu, anaweka alama pale mdomoni, halafu anakipima kwa nje. Kama kimeishia kabla ya kufika mwisho, kuna kitu ndani. Hagusi skrubu hata moja mpaka ajue haijajazwa. Halafu bisibisi. Ako nazo za upana tofauti, na amezinoa ncha zikae kwenye mfereji wa skrubu bila kucheza, kwa sababu isiyotoshea inaparua kichwa na ukishakiparua imeisha. Kila hatua anapiga picha. Kila skrubu inachomekwa kwenye kadibodi aliyochora umbo la bastola, mahali pale pale ilipotoka. Chuma anakipiga msasa uliozungushiwa kibao bapa, ili kona zibaki kona. Akifika kwenye mihuri inayoonyesha mtutu ulipimwa, anapita kando kabisa.

Sasa hii ndiyo inaniuma: hiyo bastola ni kopi! Kampuni kama Pedersoli na Uberti, zote za Gardone Val Trompia kule Italia, zilianzishwa miaka ya 1950 na hadi leo zinauza nakala za silaha za karne ya 19. Ukiiharibu, unaagiza ingine. Na bado mtu anaifungua kama daktari. Sisi tuna orijino kwa nyumba na tunaipelekea grainda.

Chukua cherehani ya susu wangu. Singer nyeusi, ya miguu, yenye maua ya dhahabu. Ameshona yunifomu na hiyo mashine mpaka watoto wake wote wakamaliza shule. Mwaka jana familia ikaamua kumfanyia sapraizi, ikapelekwa kwa fundi mmoja hapa Machakos mjini "irudi mpya." Ilirudi siku hiyo hiyo, inang'aa kama pikipiki ya shoo. Watu wakapiga picha. Susu akaketi, akakanyaga, gurudumu likakataa kuzunguka.

Kilichotokea ni rahisi. Maua ya Singer za zamani yamefunikwa na shelaki, na ukiipangusa na spiriti inayeyuka na maua yanaenda nayo. Hayo yameisha. Halafu mashine ina matundu madogo ya mafuta juu na pembeni. Ukipiga spreyi bila kuyaziba, rangi inaingia, mafuta hayapiti tena, chuma kinasagana na chuma. Skrubu mbili zilipotea, na zile za Singer zina nyuzi zake za kipekee. Zunguka hadiwea zote kutoka hapa hadi Kyumbi, hutapata. Na ile namba iliyopigwa kwenye chuma ikajaa rangi. Ilikuwa inaanza na EG, yaani ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, karibu na 1950. Hicho kiwanda kilifungwa 1980. Hiyo namba ndiyo ilikuwa cheti chake cha kuzaliwa, na sasa ni kidimbwi cha rangi nyeusi.

Vile viti vya Kikamba vya miguu mitatu, vilivyopigiliwa nyaya nyembamba za shaba kwenye mbao, navyo nimeviona vikipakwa spreyi ya dhahabu kwenye nyumba za wageni. Dhahabu ya mkebe juu ya shaba halisi. Siongezi neno.

Najua komenti zinakuja. "Fundi pia anakula." Kabisa, na simlaumu sana fundi. Alipewa elfu mbili na masaa sita, akaambiwa ing'are. Hakuna aliyemwambia aifungue kwanza. Hakuna aliyemlipa kusafisha mafuta yaliyoganda kwa mafuta ya taa na mswaki, kazi ya siku tatu ambayo kwa picha haionekani. Sisi ndio tunanunua mng'ao. Sisi tunaopenda zile video za kabla na baada, tena tunaruka katikati.

Mwingine atasema mali ni yake, afanye anavyotaka. Sawa, lakini susu hakuulizwa. Ukimuuliza leo atakuambia hakuwa na shida na mikwaruzo. Ule weusi uliochujuka mbele ya sindano ulichujuliwa na vidole vyake.

Kwa hivyo ukipeleka kitu cha mzee kwa fundi, muulize ataanza na nini. Akikujibu rangi, beba kitu chako urudi nyumbani.

Mashine ya susu iko kwangu sasa. Nimeifungua kwenye trei za mayai, nikapiga picha kila kipande. Matundu nayazibua na sindano, moja moja, na mafuta ya taa yanalala ndani usiku kucha. Jana gurudumu limezunguka robo. Skrubu mbili bado natafuta, kwa hivyo kama nyanya yako ana Singer iliyokufa kabisa, niandikie inboksi kabla hamjaipeleka kwa skrapu.