Mkataba Pasipo Sheria

Mwaka 1995 mtu mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, aliagiza viini vya tauni kutoka ghala linalowahudumia watafiti. Vichupa vitatu vikamfikia. Alipokamatwa ikadhihirika kwamba sheria ya nchi ile ilikataza silaha za maradhi, lakini haikumkataza mtu kuwa na viini vyenyewe. Akashitakiwa kwa udanganyifu tu, kwa kuwa alijidai ana maabara yenye kibali. Mwaka 1996 Bunge lao likaagiza ukabidhianaji wa viini hivyo udhibitiwe. Mwaka 2001 barua zenye kimeta ziliua watu watano, na wawili kati yao walikuwa wafanyakazi wa posta. Mwaka 2002 sheria ikakazwa tena.

Tuyatazame hayo kwa makini. Marekani ilikuwa imekwisha kuridhia Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia, ulioanza kutumika mwaka 1975. Sahihi ilikuwapo, na lango likabaki wazi.

Tanzania iliuridhia Mkataba huo mwaka 2019. Ibara yake ya 4 yamtaka kila mwanachama achukue hatua za kukataza na kuzuia silaha hizo katika nchi yake. Azimio namba 1540 la Baraza la Usalama, la mwaka 2004, lazilazimisha nchi zote kutunga sheria za namna hiyo. Tena, silaha za kemikali zina shirika la ukaguzi huko The Hague. Silaha za maradhi hazina. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni sheria ya nchi yenyewe.

Lakini Mbunge aliyechaguliwa na wakulima na wafanyakazi si lazima awe bingwa wa viini. Yapasa asaidiwe. Waganga wa watu na wa mifugo, mafundi wa maabara na wanasheria wakae naye kabla mswada haujasomwa. Vyama vya wafanyakazi navyo viitwe, maana anayefungua kifurushi ndiye wa kwanza kudhurika. Nje ya nchi pia, shirika la VERTIC la London husaidia serikali kuandika sheria za aina hii.

Mswada wowote wa jambo hili na upimwe kwa maswali machache. Je, wakataza kutengeneza, kuweka na kumpa mwingine? Je, wasema nani atoe kibali, na nani akague? Je, wamfikia raia atendaye kosa ugenini? Na je, wamwacha huru mtaalamu wetu? Kimeta huua ng'ombe na watu katika nchi yetu. Sheria itakayomzuia mganga wa mifugo kuchunguza damu ya mnyama mgonjwa itakuwa imemwadhibu mfugaji badala ya mhalifu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu walijenga ukuta baada ya mazishi. Sisi tuna nafasi ya kuziba ufa, na kazi hiyo ni ya Bunge.