Mnyoo Hana Kosa, Chakula Ndicho Kimezidi

Taa ya tangi la matumbawe ikizimwa, minyoo hutoka kwenye nyufa za mawe kutafuta masalia: punje za chakula, kinyesi, samaki aliyekufa. Wafugaji wengi wakiwaona hushikwa na hofu, wakatega mitego na kumwaga dawa. Hofu hiyo imeelekezwa pasipostahili. Watu wa Kigoma nao jambo hili linawahusu, maana samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika husafirishwa kutoka hapa hadi kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, ambako nako chakula huweza kuzidi.

Wabaya wapo. Eunice aphroditois hujichimbia mchangani na kunyakua samaki mzima kwa taya zake. Mwaka 2009 mmoja mwenye urefu wa zaidi ya mita moja alipatikana kwenye tangi la maonyesho huko Newquay, Uingereza. Hermodice carunculata naye hutafuna matumbawe, na vinyweleo vyake huwasha vidole kwa ukali. Hao waondolewe. Lakini wengi wanaouawa ni walaji wa masalia tu, ambao hukutwa juu ya mzoga na kubebeshwa lawama ya kifo wasichokisababisha.

Faida yao ni kufika kwenye mianya ambako chujio halifiki. Hata hivyo, mnyoo hatoi uchafu nje ya tangi. Sehemu ya anachokula hurudi majini kama amonia, bakteria wakaigeuza nitriti kisha nitrati, na mwisho ni mwenye tangi anayepaswa kubadilisha maji. Kwa hiyo minyoo wakifurika, wanaleta taarifa kwamba chakula kimezidi. Kuwaua wote kwa mkupuo ni kuongeza mizoga inayooza.

Kwa samaki wa Kigoma, kosa la kulisha kupita kiasi ni zito zaidi. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Tropheus, anayekwangua mwani kwenye miamba, huvimba tumbo na kufa akilishwa vibaya.

Ziwa lenyewe lina wasafishaji wake: konokono wa Lavigeria, kaa wa Platythelphusa na ostrakodi wadogo, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani.  Adui yao leo ni tope linaloporomoka kutoka vilima vilivyofyekwa. Mtafiti Andrew Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba penye tope jingi aina za ostrakodi hupungua. Huku nako dawa ni kudhibiti kinachoingia majini: miti ibaki kwenye miteremko ya Kigoma na kilimo kikae mbali na kingo za mito.

Wasafirishaji nao wanaweza kuanza kesho. Kila boksi la samaki linaloondoka Kigoma liambatane na karatasi ya maelekezo: lisha kidogo, nyonya masalia kwa mpira, badilisha sehemu ya maji kila wiki, na minyoo wakiongezeka, punguza chakula kabla ya kugusa dawa.