SIMU ISIWE YA WACHACHE



Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi-vikundi kwenye redio moja. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Siku hizi sisi wakulima wa Kibaha na Kisarawe tunaonyeshana mihogo yetu kwenye WhatsApp. Ni jambo jema. Majani yaliyojikunja kwa batobato yanaonekana pichani. Lakini michirizi ya kahawia huozesha muhogo chini kwa chini. Shina laweza kuonekana zima, mpaka uchimbe na kukata ndiyo unaona. Mtu akitangaza mbegu kwenye simu, nasi tukagawana bila kulikagua shamba lake, basi tumegawana ugonjwa.

Na wenzetu wasio na simu hizo je? Nao ni wanachama, mashamba yetu yanapakana. Inzi weupe hawaulizi nani yumo kwenye kundi.

Kwa hiyo kila mwenye simu akae na majirani zake, awasomee, wajadiliane, halafu waende shambani pamoja. Yakishakubaliwa, yaandikwe hapa ubaoni kila mtu ayaone.

Ushirika ni wa wote, na elimu iwe ya wote.