Tunaomba Riziki, Kisha Tunaimwaga

Waumini wa nchi hii, Waislamu kwa Wakristo, hatulali bila kumwomba Mola riziki. Na riziki ikifika mezani, sehemu yake tunaipeleka jalalani. Sina haja ya kuthibitisha hapa kwamba chakula ni neema. Mtoto wa madrasa anajua kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha tonge lililoanguka liokotwe, lipanguswe, liliwe. Mtoto wa Shule ya Jumapili naye anajua kuwa Yesu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate hakuona haya kukusanya makombo. Sisi tunaokopa unga dukani tunaona haya kula kiporo!

Wengi hujifariji kwamba dhambi hii ni ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Sivyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu hapo jirani Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, si hotelini wala madukani. Kwa wastani kila mtu hutupa nyumbani kwake kilo 79 kwa mwaka. Na ajabu iliyopaswa kutunyima usingizi ni hii: kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati kama zetu, tofauti ya wastani ni kilo 7 tu kwa mtu. Mwaka huo huo watu milioni 783 walikuwa na njaa. Bandu bandu huisha gogo: leo upawa wa wali, kesho fungu la mchicha lililonyaukia kapuni, keshokutwa nyanya tatu zilizooza chini ya vitunguu. Hakuna anayeona hasara, kwa kuwa hakuna anayeiandika. Watafiti waliowauliza watu wanatupa kiasi gani, kisha wakapima mapipa yao ya taka, wamekuta pipa lina mengi kuliko yaliyotajwa na mdomo. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Atatokea mtu aseme hesabu hizo zimechanganya maganda ya ndizi na mifupa, vitu visivyolika. Ni kweli, vimo. Lakini Uingereza, ambako vimetenganishwa, ilionekana mwaka 2018 kwamba katika tani milioni 6.6 zilizotupwa majumbani, tani milioni 4.5 zilikuwa chakula cha kuliwa kabisa. Mwingine atasema, sisi mabaki huwapa kuku na mbuzi. Heri yako; chakula cha mifugo hakikuingizwa katika hesabu ile. Ila aliye ghorofani Kariakoo anafuga kuku gani? Mabaki yake yanaishia kwenye jalala la Pugu Kinyamwezi, kama ya mwenzake wa Nairobi yanavyoishia kwenye jalala la Dandora, na huko yanaoza yakiwa yamefukiwa bila hewa, yakitoa gesi ya methani inayoongeza joto la dunia. Wa tatu atalaumu maghala mabovu na barabara za vijijini. Hivyo navyo vinastahili lawama, lakini hakuna waziri atakayekuja kufunika sufuria yako.

Hoja nzito kuliko zote ni ya ukarimu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naiheshimu, maana ukarimu ni fahari yetu na sitaki upungue hata chembe. Lakini mgeni hukirimiwa kwa kile alichokula, si kwa kilichobaki sahanini. Kamati za harusi zinazopikia watu mia tano ilhali walioalikwa ni mia tatu hazimkirimu mtu. Zinashindana na harusi ya jirani kwa michango ya watu wengine. Wapo pia wanaosema kiporo huumiza tumbo. Huumiza kikiachwa mezani hadi asubuhi katika joto la pwani. Kikipoozwa upesi, kikatiwa kwenye friji, kisha kikapashwa moto hadi kichemke, hakina ubaya. Na asiye na friji apike kwa kipimo. Mama zetu walikuwa wachumi hodari kuliko wengi wenye shahada: maharage ya jana yalikuwa na ladha kuliko ya leo, na wali uliobaki ulipashwa ukaliwa na chai asubuhi.

Na siwezi kupita bila kuutaja mkaa. Katika matanuri yetu ya kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo tano hadi kumi za kuni. Basi anayemwaga sufuria ya maharage anamwaga na tawi la mti. Hata hivyo watu wanaotia maharage makavu jikoni bila kuyaroweka usiku kucha ni wengi, na jiko linakokwa saa nzima zaidi bila sababu. Chakula kikiiva, makaa yanaachwa yateketee badala ya kuzimwa yatumike kesho. Halafu tunalalamika gunia limepanda bei!

Uingereza imepunguza chakula kinachotupwa kwa asilimia 18, na Japani kwa asilimia 31, na watu wao hawakuzaliwa na busara kutuzidi. Nasi tunaweza. Kila nyumba iweke daftari karibu na jiko kwa wiki moja, na kila kinachomwagwa kiandikwe: nini, kiasi gani, kwa nini. Jumapili jioni lisomwe mbele ya wote, baba mwenye nyumba akiwa wa kwanza kusikiliza, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayesukuma sahani ya kiporo pembeni, na ndiye atakayedaiwa fedha ya kununua kingine.