Likizo ya nyumbani isiishie sebuleni

Wazazi wapendwa, na ninyi wanafunzi wetu,

Mazungumzo ya likizo ya kiangazi yameanza. Wapo watakaokwenda Hispania, wapo watakaokwenda Uturuki au Dubai, na wapo ambao wamekuwa wakiweka akiba mwaka mzima ili wapate nauli ya kwenda nyumbani. Nawaandikia wote, lakini hasa hao wa mwisho. Rai yangu ni moja: mkienda Tanzania au Kenya mwaka huu, wapelekeni watoto mbugani na baharini, na mwende pamoja na binamu zao.

Sote tunajua jinsi likizo hizi zinavyokwenda. Mna wiki tatu. Kuna shangazi Tabata, mjomba Mbagala, bibi Tanga, harusi moja, na nyumba mbili za kwenda kuhani msiba. Mtoto anakaa kwenye kochi, anaamkia "shikamoo" mara ishirini kwa siku, anapewa soda, kisha wakubwa wanaendelea na mazungumzo yao. Ziara hizo ni za lazima, na undugu haudumu bila kutembeleana. Lakini mtoto wa miaka kumi ambaye kila mara anarudi na kumbukumbu za makochi na foleni za magari, atafanya nini akifika miaka kumi na minane na kuanza kujichagulia likizo mwenyewe? Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Muda tulio nao wa kumwonyesha nchi ni mfupi kuliko tunavyodhani.

Sababu ya pili inahusu shule yetu. Darasani tunahangaika wiki nzima na "simba huyu anakuja, simba hawa wanakuja", na bado wapo wanaosema "simba hii". Kanuni wameielewa, ila sikio lao halijaizoea. Mtoto akipanda gari Mikumi na kumsikia dereva akisema, "Waangalie tembo wale, wanavuka na mtoto wao," atasikia upatanisho huo huo mara hamsini kabla ya saa sita mchana, na kila mara atakuwa anamtazama mnyama anayetajwa. Kadi zetu za picha haziwezi kushindana na hilo.

Bahari nayo ina msamiati wake. Paje au Jambiani, Unguja, maji yakipwa bahari hurudi mbali, na mtoto anaweza kuwaona akina mama wakihudumia mashamba yao ya mwani. Maji yakijaa, sehemu ile ile inapitika kwa ngalawa. Hapo atauliza kwa nini, naye mvuvi atamweleza habari za bamvua, na kwamba upepo wa Julai na Agosti ni kusi, na ule wa Desemba na Januari ni kaskazi. Kwa pepo hizo mbili majahazi yalikwenda na kurudi baina ya pwani yetu, Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Hapa Uingereza maneno haya hayana kazi ya kufanya. Kule yanafanya kazi kila siku.

Na neno safari lenyewe ni letu. Sisi tulilipata kutoka Kiarabu, na Kiingereza kikalichukua kwetu. Kwa Mwingereza safari ni kwenda kutazama wanyama, lakini kwetu hata kupanda basi kwenda Birmingham ni safari. Watoto wengi hapa walikutana na Simba, Rafiki na Pumbaa katika filamu ya The Lion King kabla ya kuambiwa kwamba hayo ni maneno ya kwa bibi yao. Jirani zetu hapa hutumia akiba ya miaka kwenda Serengeti. Itakuwa ajabu wakirudi wakiijua nchi kuliko watoto wetu.

Najua jibu la kwanza la wazazi wengi: hela haipo. Ni kweli, na sitaki kulipuuza. Tiketi za Julai na Agosti ni ghali, na mtu akisikia umetoka Ulaya hakosi ombi la ada au dawa. Lakini si lazima safari iwe ya Serengeti na hoteli ya kifahari. Anayefikia Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, kisha akachukua gari hadi Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi hiyo, hata abiria wa basi huona twiga na swala dirishani. Usiku mmoja unatosha. Baada ya hapo kuna Bagamoyo, au Saadani, ambako pori la hifadhi linafika hadi ufukweni.

Anayefikia Mombasa ana Tsavo jirani. Treni ya kwenda Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, inasimama Voi. Tembo wa huko huonekana wekundu kwa sababu hujirushia vumbi la udongo mwekundu. Mkirudi pwani, nendeni Watamu, na msikose Gede, mji wa kale wa Waswahili ambao kuta za nyumba na misikiti yake bado zimesimama msituni. Wenye uwezo zaidi waende Serengeti au Maasai Mara. Likizo yetu ya shule inaangukia majira ya kiangazi kule, wakati nyumbu kwa malaki wanapovuka Mto Mara.

Kuhusu binamu, hesabu ni rahisi kuliko inavyoonekana. Katika hifadhi za Tanzania, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni. Mtoto wenu mwenye pasi ya Uingereza ndiye atakayelipa kama mgeni. Gari la kukodi kwa kawaida hulipiwa kwa siku, si kwa kichwa, hivyo viti vilivyo wazi wapeni binamu. Wapo watoto wa Dar na Mombasa ambao hawajawahi kumwona simba, na wazazi wao vilevile, kwa kuwa tulikua tukiamini mbuga ni za wazungu. Bibi naye, kama afya inamruhusu, apewe kiti cha mbele. Badala ya sanduku la pili la viatu na manukato, waambieni ndugu mapema, kwa uwazi, kwamba zawadi ya mwaka huu ni safari ya pamoja.

Wengine watasema tutawafanya watoto kuwa watalii nyumbani kwao. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana nasisitiza binamu wawepo, chakula kiliwe kwa mama lishe, na maswali magumu yasikwepwe. Watoto wakubwa wajue kwamba mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro ili hifadhi ibaki bila watu. Waulize ni nani anayefaidika na utalii, na nani analipa gharama yake. Mtoto anayeuliza hivyo ameanza kuijali nchi.

Mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, mwoneni daktari au mfamasia wiki kadhaa kabla ya safari kuhusu dawa za kuzuia malaria. Mtoto aliyezaliwa hapa hana kinga dhidi ya ugonjwa huo, hata kama wazazi wake walikulia kule. Pili, mkipanda gari tu, mwambieni dereva: "Tafadhali, kaka, tuzungumze Kiswahili." Asipoambiwa, akisikia lafudhi ya watoto atageukia Kiingereza kwa heshima, na nusu ya faida itapotea. Tatu, wanafunzi: kila mmoja aandike kwenye daftari maneno kumi mapya aliyoyasikia mbugani au baharini, pamoja na jina la aliyemfundisha.

Jumamosi ya kwanza ya muhula mpya, Septemba, tutayasoma maneno hayo darasani. Watakaobaki hapa likizo hii watapata zamu ya kuuliza maswali.

Safari njema.

Mzazi na mwalimu wa kujitolea