KIBANJA KIMEUZWA, CHETI NI FEKI! VISHOKA WA IELTS HAMUGEMBE WAKOME

Jamani wadau, kuna jamaa anazunguka Hamugembe na simu tatu mkononi, miwani myeusi mpaka usiku, anajiita ajenti wa ng'ambo. Jina tunaliacha, mwenyewe anajijua. Biashara yake ni "IELTS bendi 7 bila kufanya mtihani". Kuna binti wa mtaani hapohapo, mama yake kauza nusu ya kibanja, migomba ya babu ile, ili mtoto aende kusoma Kanada. Cheti kimekuja kwa WhatsApp. WhatsApp jamani!

Tuelewane. IELTS inapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kwenye kuongea unakaa na mtahini dakika 11 mpaka 14, hakuna wa kukusemea. Bendi ya juu ni 9, na hakuna kufaulu wala kufeli, kila chuo kinasema kinataka ngapi. Cheti kina namba. Chuo kinaingiza namba kwenye mfumo, kinaona kama ni ya kweli au ya kupikwa. Na matokeo yanakubalika miaka 2 tu, siyo senene wa kukaanga uwaweke kwenye kopo mpaka msimu ujao.

Ukikamatwa? Kanada wanakufungia miaka 5. Uingereza inaweza kufika 10. Anayefungiwa ni binti. Kishoka yeye anabadilisha laini, kesho yuko Kashai na wateja wapya.

Halafu kuna yule dada wa Instagram, wafuasi kibao, anampigia promo. Dada, ulilipwa shilingi ngapi kwa ile migomba?

Wapo watakaomtetea, eti mtihani wenyewe mgumu. Kweli, watu wanauogopa, na siyo kwa uzembe. Shule nyingi za msingi ni Kiswahili miaka 7, halafu kidato cha kwanza unakutana na baiolojia kwa Kiingereza, unakariri mpaka unamaliza. Kuongea na mtu dakika 14 nani aliwahi kukufundisha? Hofu hiyohiyo ndiyo mtaji wa kishoka. Lakini British Council wanaweka mazoezi ya bure mtandaoni, yanataka bando tu. Na mtihani wenyewe unafanyika Dar, hata Kampala, ambako ukipitia Mutukula ni karibu zaidi.

Bro wa simu tatu, mama wa watu anasubiri hela yake. Rudisha.