Motokaa ya Deni

Bwana Mhariri,

Wako wenzetu wasemao ya kwamba karani aendaye kazini kwa pikipiki aishusha heshima ya kazi yetu. Naomba nafasi niwajibu.

Katika deni mna heshima gani? Mtu hukopa kwa dhamana ya mshahara wake, akanunua motokaa ya watu watano, kisha huketi ndani peke yake pale Ubungo, Dar es Salaam: magari yamesimama, petroli yaungua, na saa ya kazi yampita. Mwenye pikipiki hupenya, naye hufika mezani pake mapema kwa petroli kidogo.

Mtanitajia masika na hatari. Ni kweli, pikipiki haina ukuta wa kumkinga mtu. Basi na avae koti la mvua na kofia ngumu, aendeshe kwa adabu. Asiyeweza hayo na apande basi. Tena mwenye watoto wa kupeleka shule simlaumu kwa motokaa yake. Namlaumu anunuaye ili aonekane, hali nyumbani unga umekopwa dukani.

Ndugu zangu, tusipimane kwa magurudumu, tupimane kwa kazi.

Ni mimi, karani mwenzenu.